Mgomba Tuliouzika Nyuma ya Nyumba ya Mwalimu

Jumapili yangu ya tatu Bwera nilihubiri juu ya mgomba, na watu wakacheka.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 2010. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, nina shahada ya teolojia, masanduku mawili, na tabia ya kuandika kila neno la mahubiri, hata mahali pa kuvuta pumzi. Nilizaliwa Kasese mjini, magharibi mwa Uganda, kwenye nyumba za reli, ambako watoto wa kila kabila tuligombana na kupatana kwa Kiswahili. Kikonzo changu kilikuwa cha kununulia mboga tu. Ni Kiswahili kilichonipeleka Bwera, kwenye kanisa dogo lililo juu ya barabara inayoteremka kwenda Mpondwe mpakani. Ibada ya kwanza pale ilikuwa ya Kikonzo. Ya pili ilikuwa ya Kiswahili, kwa ajili ya wachuuzi waliotoka Kongo, askari wa mpakani, na yeyote aliyechelewa kuamka. Mimi nilipewa ya pili. Nilipewa pia nyumba ya mwalimu, kwani pale mhubiri asiye kasisi huitwa mwalimu hata kama hajawahi kushika chaki: vyumba viwili vya matofali nyuma ya kanisa, na kijishamba cha kupanda sukuma wiki.

Hawakunitarajia. "Tuliomba mwalimu, wametuletea binti," alisema mzee wa kanisa nikiwa nimesimama mbele yake, bila ubaya, kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Alikuwa mkulima wa kahawa, amepita miaka sabini, mgongo umenyooka. Jumapili ya kwanza, nilipopanda mimbarini, wanaume sita walitoka nje kimya kimya. Walirudi wakati wa sadaka, wakatoa sadaka zao kwa heshima, wakakaa. Jumapili ya pili walifanya vilevile. Mimi niliandika kwenye daftari langu sababu kumi na moja ambazo huenda ziliwatoa, na tisa kati ya hizo zilikuwa kosa langu.

Kwa hiyo Alhamisi moja mzee alipokuja mlangoni kwangu kunipa neno la kuhubiri, nilifurahi mno kiasi kwamba sikuuliza kwa nini.

"Hubiri juu ya kuzika mgomba," alisema. "Watu ya ng'ambo wanaleta hiyo kitu hapa kwetu."

Niliijua hiyo kitu. Mtu akipotea na mwili wake usionekane, kwa mto au vita au msitu, ndugu zake hukata gogo la mgomba la urefu wake, hulivika nguo yake, hulilia, hulizika. Baada ya hapo aliyepotea huacha kutangatanga. Nilijua pia kwamba si jambo la ng'ambo peke yake, maana Wakonzo wa huku na Wanande wa kule Kongo ni watu wa mlima mmoja, na bibi yangu mwenyewe alizaliwa katika nyumba yenye kaburi la namna hiyo uani. Hilo sikulisema. Nilikwenda kuandika kurasa nne.

Mahubiri yalikuwa mazuri. Nasema hivyo kwa aibu. Katika ukurasa wa tatu nilikuwa nimeandika mzaha, nikaweka alama ya kunyamaza kidogo kabla yake. "Siku ya parapanda," nilisema, "makaburi yatakapofunguka, kwenye kaburi hilo atatoka nani, ndugu zangu? Itafufuka ndizi?"

Kanisa lilicheka. Wale wanaume waliokuwa nje walicheka dirishani, na mmoja wao aliingia akakaa. Nilimwona akiingia, nikajiambia: sasa nimekuwa mwalimu wao.

Mwanamke mmoja hakucheka. Alikuwa kwenye benchi la tatu na wasichana wake wawili, kitambaa cheusi kichwani. Nilimfahamu kwa sura. Aliuza mawese sokoni kwa kopo, Mkongo wa upande wa Butembo. Baada ya ibada alisubiri hadi watu wote watoke.

"Mwalimu," alisema, "ile ndizi ulisema, ni bwana yangu."

Sikuelewa. Akanieleza akiwa amesimama, sauti haipandi wala haishuki. Mume wake alikuwa mchukuzi wa mizigo mpakani. Miezi mitatu kabla mimi sijafika, wakati wa mvua kubwa, alivuka mto kwa miguu chini ya daraja akiwa na gunia la kahawa, pamoja na wenzake wawili, mahali ambapo siku nyingine maji hufika magotini. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani. Maji yalikuja mara moja, na mawe ndani yake. Wenzake walifika ukingoni, wakageuka, wakaona gunia likizunguka, na yeye hawakumwona. Walimtafuta kando zote mbili siku tisa, mpaka chini kule mbuga inakoanzia, ambako mtu haendi kwa sababu ya nyati na watu wenye bunduki.

"Tangu ile siku eko anakuja," alisema. "Asubuhi mbele ya jua. Anasimama ku mulango, nguo yote maji. Namuambia ingia, haingie. Namuambia basi wende, haende. Hana fasi, Mwalimu. Niliomba muzee fasi kidogo tu ku makaburi ya kanisa, nimulalishe. Akasema atanijibu leo, siku ya Mungu."

Hapo nikaelewa kwamba mimi ndiye niliyekuwa jibu.

Nilimwambia mambo ya chuoni. Kwamba wafu wako mkononi mwa Mungu, kwamba hawahitaji mahali. Nilimwombea, kwa muda mrefu, nikiwa nimefumba macho ili nisimtazame. Nilipofumbua, msichana mdogo alikuwa anamvuta mama yake kitenge.

"Mama, mwalimu anakatala?"

"Nyamaza," mama alisema. "Mwalimu eko anaomba."

Wiki zilizofuata sikuwa mzima. Siamini mizimu, nataka hilo lieleweke, ingawa sijui ni nani ninayemsihi alielewe. Lakini nilianza kushindwa kusimama kwenye mlango wangu mwenyewe. Nikifika kizingitini nilipita haraka, kama mtu anayepita mbele ya wakubwa wanaozungumza. Mto, ambao nilikuwa nimeuzoea kama sauti ya mbali huko bondeni, ukaanza kusikika nikiwa nafua, nikiwa napika, nikiwa nasoma zaburi. Jumapili nilihubiri juu ya mambo mengine na macho yangu yakaenda benchi la tatu. Alikuwapo. Alikuja kila wiki, akakaa palepale, akanisikiliza. Angeacha kuja ningepumzika.

Sokoni nilisikia upande mwingine wa habari. "Yule?" aliniambia muuza nyanya mmoja, mwanamke wa hapohapo Bwera, akicheka. "Mwalimu, Mkongo akipotea usimtafute mtoni, mtafute kwa bibi mdogo. Iko Kasindi, ng'ambo ya daraja, inakula samaki." Wengine wakaitikia. Mmoja alisema shemeji yake alimwona. Nilipouliza shemeji ni nani, akasema ni watu tu walisema.

Hilo ndilo lililonikaa. Nilikuwa nimeanza kuona kwamba ningeweza kushindana na mila, hata na chuo changu, lakini hili lilikuwa swali jingine. Je, kama yu hai? Ningesimama mbele ya Mungu na kumzika mtu anayekula samaki Kasindi? Na watu wa pale husema mtu aliyezikiwa mgomba akirudi hai hapaswi tena kupita mlangoni kwake. Hubomolewa ukuta wa nyuma, aingie kama mgeni aliyezaliwa upya. Nilikaa nikiuwaza ukuta huo. Niliandika kurasa mbili, upande mmoja sababu za kumzika, upande mwingine sababu za kutomzika, na nilipomaliza pande zote zilikuwa sawa, kwa sababu nilikuwa nimezisawazisha mwenyewe.

Nilimfuata mzee nyumbani kwake. Alikuwa anageuza kahawa juani kwa mkono, mbegu kwa mbegu.

"Mzee, hukuniambia kwamba kuna mtu aliomba."

"Ningekuambia ungehubiri vile?"

"Hapana."

"Basi."

Aliendelea kugeuza kahawa. Nilimwambia yule mama hana mahali pa kulilia. Nilimwambia hata watu wa Biblia walijali mifupa ya wenzao. Nilisema mengi. Akaniacha nimalize.

"Baba yangu alikuwa na kijumba ya mizimu nyuma ya nyumba," alisema. "Kidogo hivi, ya majani. Aliweka pombe pale, aliweka ulezi. Nilipookoka nilikuwa kijana kama wewe. Nikaichoma. Mchana, akiniangalia. Aliishi miaka sita, hakusema na mimi hata neno moja. Alipokufa aliacha neno kwa ndugu zangu: huyu asimwage udongo kwa kaburi yangu. Nikasimama mbali, kando ya barabara, nikaangalia wao wanamzika." Aliokota punje mbovu akaitupa. "Sasa unakuja na madigrii yako unaniambia hiyo vitu ni huruma. Kama ni huruma, mimi nilifanya nini?"

Niliinama nikaanza kugeuza kahawa pamoja naye.

"Na kama bwana yake iko hai?" aliongeza.

"Sijui, mzee."

"Kwa makaburi ya kanisa, hapana."

Nikauliza, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto anayejibu darasani: "Kile kijishamba cha sukuma ni cha nani?"

Akainua kichwa. "Ya mwalimu."

"Basi," nilisema.

"Wewe binti, huna hata bwana. Utalala hapo na maiti ya bwana ya mwingine?" Kisha akacheka, si kwa furaha, akarudi kwenye kahawa yake.

Tulipanga na yule mama kumzika Jumatano, saa nne asubuhi. Wale wachukuzi wawili waliovuka na marehemu walikuja kuchimba. Walichimba vizuri, kimya, kati ya mistari ya sukuma yangu. Lakini nilipowaambia sasa tukalete gogo, waliweka majembe chini.

"Kuchimba tutachimba," alisema mkubwa wao. "Kubeba, hapana, Mwalimu. Anayebeba ni ndugu ya damu. Kama si ndugu na anabeba, marehemu atamufuata yeye. Hatamwacha."

"Ndugu zake wako wapi?"

"Beni. Wengine beko msituni. Wengine hatujue."

Nilimtazama yule mama. Alikuwa anatazama shimo. Mjane habebi, na mwanamke kwa jumla habebi. Hilo hata mimi mtoto wa reli nililijua. Nilihesabu wanaume wote wa kanisa niliowajua. Wale sita. Mzee. Kasisi, ambaye alikuja mara moja kwa mwezi na hakuwa na habari. Nikajisikia nikisema kwamba nitabeba mimi, na papo hapo nikaanza kutafuta namna ya kulirudisha neno.

"Mwalimu hataogopa?" aliuliza mchukuzi mdogo.

"Mwalimu si mtu wa mila," nilisema. Nilisema kwa majivuno kidogo, nikachukua panga.

Tulikwenda kuchagua mgomba, mimi na mama na wasichana, wachukuzi wakitufuata kwa mbali, kwenye shamba la jirani aliyetuuzia mmoja uliokwisha kuzaa. Nilielekeza wa kwanza.

"Hapana, ule ni munene," mama alisema. "Bwana yangu alikuwa mwembamba."

Nikaelekeza mwingine.

"Ule ni mufupi. Ule ni mutu ya Kampala."

Wasichana walicheka, na yeye akacheka, mara ya kwanza nilipomwona akicheka. Kisha akausogelea mgomba mmoja, akasimama mbele yake, akaegemeza paji la uso. Lilifika mahali fulani kwenye ganda. Akaweka kidole hapo, akapanda juu kama shibiri moja. "Hapa ndiyo kichwa yake," alisema. Hakuwa na picha yake. Picha zilibaki Kongo walipokimbia, na kitambulisho kilikwenda naye mtoni. Nikakata alipoonyesha.

Tuliuvika shati lake la buluu, lile la Jumapili. Mama alifunga vifungo vyote. Kisha nikainama, wachukuzi wakaniinulia mpaka begani bila kuushika zaidi ya hapo, nikaenda.

Watu wasiowahi kubeba gogo la mgomba hawajui kwamba ni maji. Kutoka shambani hadi nyuma ya nyumba yangu ni kama mwendo wa kuimba wimbo mmoja, na katika mwendo huo maji yalitoka kwenye mkato yakapita shati la buluu, yakashuka begani kwangu, mgongoni, hadi miguuni. Nilipofika shimoni nguo yangu yote ilikuwa imelowa na imeshikamana na mwili. Nilimwona mama akinitazama nilivyosimama pale, nikichuruzika, kizingiti cha nyumba yangu kikiwa nyuma yangu. Akaweka mkono mdomoni.

Nilikuwa na kurasa nne za sala ya mazishi mfukoni, nazo zilikuwa zimelowa. Tulipokwisha kulishusha gogo nilijaribu kuzifungua zikachanika. Nikasema tu: "Bwana, wewe unajua alipo. Sisi hatujui. Mama huyu amesimama mlangoni muda mrefu, amechoka. Tunaweka hapa kilio chake. Yeye mwenyewe, popote alipo, mshike." Nikasema amina, na wachukuzi wakaitikia kabla yangu.

Ndipo mama akalia. Alilia kwa Kinande, akimwita mume wake kwa jina lake na jina la baba yake na jina la mlima wao. Majirani walitoka. Baadhi ya wanawake waliokuwa wamecheka sokoni walikuja wakakaa chini pamoja naye, miguu imenyooshwa, wakalia pia. Muuza nyanya alikuwa mmoja wao.

Siku ya nne mama alikuja amenyoa kichwa. "Mwalimu, nililala mpaka jua," aliniambia, kama mtu anayekiri kosa. "Hakuja."

Nilisema Mungu asifiwe. Mimi nilikuwa sijalala.

Jumapili iliyofuata wanaume walitoka nje tisa badala ya sita. Mzee hakutoka, kwa sababu hakuja. Alikuja Jumanne, akazunguka nyumba bila kubisha, nikamkuta amesimama mbele ya tuta la udongo, kofia mkononi.

"Una hakika amekufa?"

"Sina, mzee."

"Basi uliomba nini?"

Nikamwambia sala yote, ilikuwa fupi. Alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Hiyo sala haina kosa," alisema mwishowe. "Kosa ni hiyo kitu iko chini." Alivaa kofia. Lakini kabla ya kuondoka aliinama, polepole kama wanavyoinama wazee wenye magoti mabovu, akaokota bonge la udongo lililokuwa limeviringika pembeni, akalirudisha juu ya tuta na kulikandamiza kwa kiganja. Hakunitazama. Hatukulizungumza jambo hilo tena, na hakuandika barua ya kunishtaki kwa wakubwa wa kanisa Kasese, ingawa niliingoja kila wiki.

Mama wa mawese aliondoka mwaka uliofuata. Alisikia kwao kumetulia, akauza makopo yake, akawafunga wasichana nguo za safari. Alipita kwangu asubuhi. "Utamuangalia," aliniambia, akionyesha nyuma ya nyumba kwa kidevu. Haikuwa ombi. Nikasema nitamwangalia.

Kwa hiyo nilifagia. Kila Jumamosi nilifagia kaburi la mtu ambaye sikuwahi kuona uso wake. Nilijua unene wake na urefu wake na uzito wake akiwa amelowa. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, barabara ilipojaa watu waliotoka darajani, nilijikuta nikipima wanaume kwa macho, wembamba, warefu, na wengi wao walikuwa wembamba na warefu. Nilikuwa naogopa kumwona. Pale kaburini nilikuwa nimemwomba Mungu amshike popote alipo, na sasa nilikuwa naomba asiwe hai. Sijapata kumwambia mtu hilo.

Ijumaa moja mwanamume mwembamba, mrefu, alipanda kutoka barabarani akaomba maji. Wasafiri waliomba maji kwangu mara nyingi, hapakuwa na jambo. Nilimpa kikombe. Alikunywa akiwa amesimama nje, akitazama upande wa nyuma ya nyumba, pale nilipokuwa nimeacha fagio.

"Ile kaburi ni ya nani?" aliuliza.

"Ya mtu wa ng'ambo," nilisema.

"Alikufa na nini?"

"Mto."

Akatikisa kichwa. "Mto ni mubaya," alisema. Alimaliza maji, akamwaga tone la mwisho chini, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili. "Asante, mama."

Jina la marehemu lilikuwa mdomoni mwangu. Nilikuwa nimelisikia likililiwa siku nzima, pamoja na jina la baba yake na la mlima. Ilikuwa kulisema tu, kwa sauti ya kawaida, na kuona kama atageuka. Alishuka hadi barabarani. Alifika kwenye kona ya duka la sabuni. Nilisimama nikiwa na kikombe mkononi mpaka kona ikamficha, nikaingia ndani, nikafunga mlango, ingawa ilikuwa saa sita mchana na nilikuwa nimeacha nguo juani.